Uzi maalumu: tuliotoka operesheni tukaangukia kwenye kupanda maua na mboga ndani ya nyumba

BintiWaGhorofani:
Wakuu habari za wakati huu. Mimi si mtaalamu wa bustani, nakaa Sinza ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na kakibaraza ka nyuma ka kuanikia nguo. Mwaka huu nimefanyiwa operesheni ya kutoa uvimbe kwenye kizazi, zile faibroidi, na operesheni yenyewe ilienda vizuri namshukuru Mungu. Nilichokuja kuongelea ni ile habari ya baada ya kurudi nyumbani, maana hiyo hakuna anayekuandaa nayo.

Daktari anakwambia wiki sita usinyanyue kitu kizito, usifue, usideki, ngazi panda kwa kiasi. Sawa. Alafu mume anaenda kazini, watoto shule, dada yuko jikoni na redio yake, wewe umebaki kitandani unahesabu mapanga ya feni, na feni ina mapanga matatu tu kwaiyo hesabu inaisha mapema sana.

Na wageni sasa. Wanakuja kwa upendo sikatai, na machungwa na juisi za boksi, pole, pole sana, vipi kidonda, unaendeleaje, tumshukuru Mungu, alafu kimya. Wote mnaangalia tivii imezimwa. Kuna mwingine ndo anakaa vizuri kwenye kochi anaanza kuhadithia shangazi yake alifanyiwa operesheni hiyohiyo akafia mezani. Mgonjwa wa watu umeshika tumbo unaitikia "ehee".

Aliyenitoa kwenye hiyo hali ni mama mmoja wa ghorofa ya chini, umri wa mama yangu mzazi. Alikuja na kopo la maziwa ya unga lina mani planti, majani mawili tu na moja lina tobo, akaliweka dirishani akasema nakuachia ukitunze, Ijumaa nakuja kukiangalia. Hakuniuliza kidonda. Kweli Ijumaa kaja, kaingia moja kwa moja dirishani, kakagua, kaniambia jani la tatu linakuja, ndo akakaa tukaongea zaidi ya saa nzima kuhusu shamba lao la Muheza, mume wake marehemu, bei ya nyanya, kila kitu. Wiki iliyofuata jirani wa mlango wa pili kasikia, kaleta nana kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Kijana wa juu anayesoma chuo akajitolea kunipandishia udongo. Mpaka dada wa kazi kazima redio kaja kuuliza tunafanya nini.

Ninachotaka kusema wakuu, mimea yenyewe ni mizuri lakini kilichoniponya moyo ni kwamba nilipata kitu cha kuongea na watu kisichokuwa tumbo langu. Na nilipata kazi ndogo ya kukaa chini, maana ukikaa muda wote ukihudumiwa tu unajiona umekuwa mzigo.

Sasaivi nina kotimiri. Hii ndo nimeipenda kuliko zote. Unachukua zile giligilani za kawaida za kwenye viungo, nzima zisiwe za unga, unazitandaza kwenye kanga unapitisha mti wa kusukumia chapati kwa mbaali, kila punje inapasuka nusu mbili maana ndani ni mbegu mbili. Nusu zote zinaota. Unaloweka usiku mmoja, unapanda, wiki moja mpaka mbili unaona zinatoka zimeinama shingo na ganda bado liko kichwani, ukija jioni zimenyooka. Nilikuwa naamka usiku kwa maumivu namulika na simu kuangalia zimefika wapi.

Basi naomba walio kwenye hali kama yangu mje tuongee mnapanda nini na mnakaa na nani, na wataalamu mtusaidie tusijeharibu kidonda. Nawasilisha.

Mbishi_wa_Kariakoo:
Pole dada ila mimea chumbani kwa mgonjwa ni hatari, usiku inavuta oksijeni yote. Bibi yangu alikuwa haruhusu hata ua la mezani kulala ndani. Muitoe nje ikifika magharibi.

Mwalimu_Bios:
Mbishi ni kweli mmea unapumua usiku kama kiumbe chochote, ila kiasi chake ni kidogo mno. Kopo moja la mani planti halifikii hata robo ya mtu mzima anayekoroma pembeni yako. Kama tatizo ni oksijeni basi wa kutolewa nje magharibi ni mume.

Na nisawazishe upande wa pili pia kabla hajaja mtu na ile habari ya mimea kusafisha hewa. Ule utafiti wa NASA wa mwaka 1989 unaosambazwa kwenye magrupu ulifanywa kwenye vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa, sio sebuleni kwako madirisha wazi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Marekani walipitia tafiti nyingi za namna hiyo wakapiga hesabu, wakakuta ungehitaji kati ya mimea 10 na 1000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili ifanye kazi ya hewa inayoingia na kutoka yenyewe kwenye jengo la kawaida. Mimea 1000 kwenye mita moja utalala wapi. Fungua dirisha.

Mbishi_wa_Kariakoo:
Hahaha kwaiyo haisafishi hewa, haitoi oksijeni ya maana, sasa faida yake kwa mgonjwa ni ipi zaidi ya kupoteza muda

Mwalimu_Bios:
Kupoteza muda ndo dawa yenyewe kwa mtu wa wiki sita kitandani mkuu. Ila kama unataka karatasi ipo. Roger Ulrich, mwaka 1984, jarida la Science. Alichukua mafaili ya hospitali moja ya Pennsylvania, wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo, nusu walilazwa vyumba ambavyo dirisha linaona miti, nusu dirisha linaona ukuta wa matofali ya kahawia. Vyumba vilevile, wodi ileile. Wa upande wa miti walitoka mapema kidogo, wastani siku 7.96 wenzao 8.70, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache, na manesi waliandika malalamiko machache kwenye mafaili yao. Baadae Wakorea nao wakajaribu kuweka mimea ya vyunguni wodini, mwaka 2009 wametoa ya wanawake 80 waliofanyiwa operesheni ya tezi ya shingo, waliowekewa mimea walikaa siku chache na walimeza dawa za maumivu chache.

Sasa mimi mwenyewe sizipigii debe sana, 46 ni wachache, na mgonjwa anayeona ua mezani anajua ameona ua, huwezi kumficha kama unavyoficha kidonge. Ila ule ukuta wa matofali naufahamu, nimelazwa chumba cha hivyo mimi, hauna cha kukuambia asubuhi wala jioni.

Sista_Mstaafu:
Wanangu nimefurahi na huu uzi, nimekaa wodi za upasuaji miaka mingi kabla sijastaafu. Sasa nisikilizeni maana nyie mkipenda kitu mnasahau mwili.

Udongo na kidonda kibichi havikai pamoja. Kwenye udongo na samadi kuna vijidudu vya pepopunda, kwaiyo glavu, na ukimaliza unanawa kwa sabuni kabla hujagusa nguo zako wala plasta ya kidonda. Kama huna glavu mwambie mwingine achanganye udongo wewe uwe unaelekeza tu, na kuelekeza mnakupenda. Udongo mkavu unyunyizie maji kwanza kabla ya kuuchanganya ili vumbi usilivute kifuani.

Ndoo ya maji ya lita ishirini ni kilo ishirini. Wewe wa tumbo umeambiwa usinyanyue, basi kumwagilia ni kwa kikombe au chupa ndogo, hata kama ni safari tano, na hizo safari tano zenyewe ni nzuri maana mgonjwa wa upasuaji akilala tu damu inaweza kuganda miguuni. Usichuchumae. Kopo liwe mezani au kwenye stuli usawa wa kiuno. Na ukiona homa, kidonda kinatoa usaha au harufu, au kimefunguka, acha habari za kotimiri rudi hospitali siku hiyohiyo, usije humu kuuliza tukuambie upake nini.

Lingine mnalosahau. Visahani vya chini ya vyungu na chupa za mani planti ya kwenye maji ni nyumba ya mbu, na yule mbu wa dengue anapenda vimaji visafi vya ndani hivyohivyo. Wa Dar mnakumbuka 2014 na 2019. Yai mpaka mbu kamili ni kama wiki moja, siku kumi, kwaiyo kila wiki mwaga, sugua sahani, weka maji mapya.

BintiWaGhorofani:
Sista asante sana, hilo la stuli nalifanyia kazi leoleo. Mimi kopo zangu zilikuwa chini kabisa kwenye pembe ya kibaraza.

Vyuma_Mguuni:
Mi nimekaa nasoma tu kimyakimya ngoja niongee. Nilianguka na bodaboda, nimewekewa vyuma mguuni, niko Mbagala chumba kimoja cha kupanga dirisha moja. Natembea na magongo. Nilikuwa nafanya kazi ya kuzunguka mjini kutwa, sasaivi niko ndani na simu, bando likiisha naongea na ukuta. Washkaji mwanzo walikuwa wanakuja kila siku, sasa wameshanizoea. Siwalaumu, kila mtu anatafuta riziki.

Swali. Chumba kama changu kinaota nini? Na jingine, mwanaume nikianza kupanda maua mtaani wataniambia nini 😅

Mzee_wa_Kitalu:
Kijana mimi nimeuza miche barabara ya Bagamoyo toka ukiwa mdogo, wateja wangu wengi wanaume na wala hawatumwi na wake zao. Kama neno maua linakuchoma, panda pilipili. Hakuna atakayecheka pilipili.

Kwanza niambie dirisha lako linaangalia wapi, maana watu wanaulizia mmea kabla ya kuulizia jua. Dar tuko chini kidogo ya ikweta, kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa wa kumi jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, baada ya hapo linahamia kusini mpaka mwezi wa tatu tena. Kwaiyo dirisha lililokuwa na jua zuri mwezi wa saba utashangaa mwezi wa kumi na mbili halina, mmea unarefuka shingo unapauka unadhani ni mbolea. La mashariki ndo zuri kuliko yote, linapata jua la asubuhi lisilounguza. La magharibi lina joto la jioni, huko weka shubiri, yeye havunjiki moyo.

Pilipili nunua miche usipande mbegu, mbegu inachelewa na mgonjwa anataka kuona kitu. Mchicha nao ni wa haraka, wiki tatu nne unachuma, ila unataka jua la kutosha. Kama dirisha ni la giza kabisa, mani planti au mchaichai... hapana mchaichai unataka jua, futa hilo. Mani planti, au ile ya majani manene ya kung'aa.

Udongo usichote wa nje ukajaza kopo mtupu, utaganda. Changanya na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na samadi iliyooza vizuri isiyonuka. Toboa kopo chini. Na maji, zamisha kidole mpaka kiungo cha pili, ukikuta unyevu acha. Miche mingi ya ndani inauawa na maji ya upendo.

Mtani_wa_Tanga:
Hiyo ya majani manene inayong'aa wazungu wanaiita ZZ, inaota yenyewe porini kwenye ukanda wetu wa pwani, Kenya mpaka Afrika Kusini, Zanzibar ipo. Waholanzi ndo walianza kuizalisha kibiashara kwenye miaka ya tisini, sasa tunaenda kuinunua kwenye maduka ya fanicha bei ya mbuzi. Ila muiweke mbali na watoto na paka, utomvu wake unawasha mdomo, na mani planti vilevile.

Na kama mnaongelea maua ya ndani ya nyumba bila kuitaja Tanga mtakuwa mmetukosea. Ile violeti ya Afrika ambayo bibi za kizungu wameijaza madirishani dunia nzima imetoka Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja ofisa wa koloni, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliikuta akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaipa jina la kisayansi Saintpaulia, jina la familia ya huyo baron. Wenyeji walioliona lile ua toka enzi hawakuulizwa. Nenda misitu ya Amani utaikuta kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na baadhi ya aina zake porini ziko hatarini kupotea, kwaiyo msiende kuzing'oa, nunueni za kitaluni.

Nimeileta kwa sababu ni ua la mgonjwa hasa. Halitaki jua kali, halitaki kunyanyuliwa, linakaa kwenye kikombe. Maji unaweka kwenye sahani linyonye kutoka chini robo saa alafu unamwaga yaliyobaki, ukimwagia juu majani yanaingia madoa. Na unalizalisha kwa jani moja, unakata na kikonyo chake unachomeka kwenye mchanga wenye unyevu, inachukua wiki kadhaa vitoto vinatokea pale chini. Mama yangu alipotolewa mtoto wa jicho alikatazwa kuinama, kazi yake ikawa ni kugawa majani. Kila aliyekuja kumwona alitoka na jani lake kwenye kopo la chai, na ikabidi warudi kuleta taarifa. Ujanja mtupu yule mama.

BintiWaGhorofani:
Mtani hapo kwa mama umenimaliza 😂 nami natoa mani planti kwa masharti hayohayo, anayechukua lazima arudi na taarifa

Wa_Kayole254:
Sasa wenzetu wa TZ. Mimi niko Nairobi, nilipata mtoto kwa upasuaji na nilikuwa nimekaa kwa nyumba nikilia bila sababu, mtoto akilia mimi pia nalia. Kina mama wa ploti walinishtukia. Mmoja akaniletea sukuma tatu kwa mtungi wa zamani wa maji, akaniambia chunga hii tu, chakula tutapika sisi. Sikuwa naamini lakini kuamka kuangalia hiyo sukuma ilinifanya niamke, kisha unajipata kwa mlango, kisha mtu anakusalimia. Kwetu Julai kunakuwa na baridi na mawingu, vitu vinakua polepole, lakini dania ilitoka tu. Dania ndio hiyo kotimiri yenu.

Ningeongeza kwa akina mama, hiyo kulia ikizidi wiki mbili ama ukose kulala hata mtoto akiwa amelala, ambia daktari. Sukuma haitoshi hapo, mimi nilienda kliniki na nilisaidika.

Sista_Mstaafu:
Wa Kayole umeongea kitu kikubwa mwanangu. Tena hata wasiojifungua, mwili ukikatwa moyo nao unashuka. Semeni.

Mpemba_wa_Muscat:
Assalaam aleikum. Mie nipo Muscat, mwaka jana nlitolewa mfuko wa nyongo, kwa vitundu si kupasuliwa wazi, alhamdulillah nlipata nafuu upesi. Lakini ilikuwa kiangazi, huku kuanzia mwezi wa tano joto linapita 40, hutoki nje labda usiku. Nlipanda mrehani na asmini ndani karibu na dirisha. Tatizo la huku ni kiyoyozi, kinakausha majani. Dawa yake usiweke chungu mbele ya upepo wake, na panga vyungu pamoja pamoja, vinawekeana unyevu.

Mrehani ukitoa ua likate, ukiliacha majani yanapungua. Baraza letu hapa wazee wa Unguja na Pemba hukutana kila Alkhamis, basi walikuwa wakija kwangu kila mmoja anakata kitawi chake anaweka sikioni, nyumba yote inanukia kwetu. Kahawa nlikatazwa kwanza, nikawa nawatilia wao tu nikinusa.

Vyuma_Mguuni:
MREJESHO. Wakuu nimekaa kimya nilikuwa nasubiri niwe na cha kusema. Dirisha langu lilikuwa la mashariki, nikapata miche ya pilipili mbuzi kwa mama muuza mboga, nimepanda kwenye kidumu cha mafuta cha lita tano nilichokikata juu. Mfuniko nikautumia kama sahani na naumwaga kila wiki Sista usinigombeze. Imetoa maua, mengine yakadondoka nikapaniki, Mzee wa Kitalu akaniambia inbox nitikise tawi kidogo asubuhi maana ndani hakuna upepo wala nyuki wa kuisaidia. Nikawa natikisa. Imeshika.

Sasa kinachotokea ni kwamba washkaji wanapita jioni wakiwa na chipsi mayai zao wanachuma pilipili dirishani kwangu kupitia nondo. Mwanzo walikuwa wanachuma na kuondoka, sasa wanakaa. Juzi wamekuja wanne wamebishana mpaka usiku kuhusu Simba na Yanga kitandani kwangu mpaka nikawafukuza. Hakuna aliyenicheka, ila mmoja kaniuliza kimyakimya kama naweza kumwoteshea mche mmoja kwa ajili ya mama yake.

Mzee_wa_Kitalu:
Mpe. Ila miche ya pilipili isizidi miwili mitatu kwenye kidumu kimoja, na usianze kuuza kabla hujatupa magongo.

Mbishi_wa_Kariakoo:
Mimi nina swali la kweli sio ubishi. Mama mkwe anafanyiwa operesheni ya nyonga wiki ijayo, atakaa kwetu. Hapendi kuongea sana. Nimwekee nini

Mtani_wa_Tanga:
Usimwekee. Muulize kwao walikuwa wanapanda nini, umtafutie hicho.

Sista_Mstaafu:
Na kwa nyonga Mbishi, kopo liwe juu, asiiname kuokota, na sakafu ikimwagikiwa maji ufute hapohapo. Akianguka hapo tunaanza upya.

BintiWaGhorofani:
Wa Dar tumeongea na mama wa chini pamoja na Mzee wa Kitalu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi tunabadilishana miche kwenye uwanja wa mbele ya jengo letu, nitatuma maelekezo inbox. Hakuna kiingilio, leta kitu chenye mizizi au uje mikono mitupu utaondoka na kitu. Viti vipo kwa wenye vidonda. Mtani anasema atatuma majani ya violeti kwa basi kutoka Tanga.

Vyuma_Mguuni:
Mi daladala na magongo bado siwezi, Mbagala mpaka Sinza ni mbali. Mani planti inaweza kusafiri? Mfuko wa plastiki ndo marufuku toka 2019.

BintiWaGhorofani:
Inasafiri vizuri tu. Nakata chini ya kifundo, kile chenye kamzizi ka kahawia, nakizungushia gazeti nililolilowanisha, juu jani la mgomba. Ukipokea weka kwenye maji mpaka mizizi itoke, alafu udongo.

Vyuma_Mguuni:
Poa sana dada. Na taarifa nakuletea nani kama masharti yanavyosema?

BintiWaGhorofani:
Mama wa chini anasema umpigie simu yeye, Ijumaa. Bodaboda ameshaondoka na kifurushi, nimemwambia asikikalie.